Merikebu Tatu Ukutani

Mlezi wa Bi Mkubwa, aliyekuwa selo tangu jana, alikuwa na muda mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo jalada lingepelekwa mahakamani, na yeye pamoja nalo. Mkuu wa Kituo alikwisha sema kwamba kwa upande wake kesi imeiva: mlezi ndiye aliyeipeleka picha kwa fundi fremu, mlezi ndiye aliyeirudisha, na iliyorudi ukutani ni bandia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema, akafunga mlango wa ofisi yake.

Inspekta hakubishana naye. Alikuwa mama wa watoto watatu, na kulea kulikuwa kumemfundisha kwamba mtoto anayeelekezewa kidole na wenzake wote kwa mpigo mmoja, mara nyingi ndiye aliyekuwa msalani kikombe kilipovunjika. Kituoni walimwita Kiberiti, kwa sababu hakuwa mtu wa kuwaka polepole. Alichukua picha, akaifunga kwa kitambaa, na saa mbili unusu asubuhi alikuwa chumbani kwa Bi Mkubwa, pale ilipokuwa imetundikwa miaka arobaini.

Chumba kilikuwa safi kuliko maneno yaliyosemwa ndani yake jana. Kitanda, kiti cha mgongo mrefu, meza ndogo, dirisha upande wa kushoto na mlango upande wa kulia. Katikati, kwenye ukuta, palibaki msumari na mraba wa rangi iliyokoza, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Inspekta aliirudisha picha kwenye msumari wake, akasogea nyuma.

Ilikuwa picha ya rangi za maji, si kubwa kuliko sinia. Merikebu tatu za matanga ndani ya dhoruba. Mawimbi ya kijivu yalikuwa yamesimama kama watu wenye hasira. Merikebu ya mbele ililala ubavu, na juu ya sitaha yake mtu mmoja, mdogo kama punje, alikuwa ameng'ang'ania kamba. Pembeni chini kulikuwa na doa la kahawia, umbo la sikio.

Kisha akatoa picha ya kamera aliyopewa na mthamini. Huyu mthamini alikuwa mtu mwembamba wa kukadiria vitu vya kale, na miaka sita iliyopita alikuja katika nyumba hii akaipiga picha ile ya asili. Jana alirudi kuorodhesha vitu vya Bi Mkubwa kwa ajili ya wosia. Aliitoa ukutani, akaigeuzageuza kwenye mwanga, na mbele ya kila mtu akasema hii siyo. Karatasi ya kale, alieleza, huinywa rangi mpaka tumboni. Hii rangi yake imekaa juu juu, na uzee wa karatasi ni wa kuoshwa kwa majani ya chai. Aliyenakili alikuwa na mkono mzuri ajabu. Alinakili hata doa.

Inspekta alilinganisha doa na doa, sahihi na sahihi, akahesabu mabaharia kwa ncha ya kalamu. Hakuona kilichozidi wala kilichopungua.

Bi Mkubwa alikuwa kitini, uso ameuelekeza alikosikia mlio wa kalamu. Macho yake yalikwisha ingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli, basi. Kwa miaka kumi na moja mlezi alimwogesha, akamlisha, na kila asubuhi, akishafuta vumbi kwenye kioo, akamsimulia ile picha kana kwamba ni habari ya leo: mawimbi yameamkaje, yule mtu wa kamba ameshikilia bado. Kwa ajili hiyo, miezi mitatu iliyopita, Bi Mkubwa alitamka mbele ya ndugu wote kwamba akifa, picha apewe mlezi. Kila mtu alikohoa. Hakuna aliyepinga.

"Nani angeiba kitu kitakachokuwa chake?" Inspekta alimuuliza.

"Hilo mliulize nyinyi mnaojua kuuliza," Bi Mkubwa akajibu. Kisha akaongeza, "Amekula?"

"Mlezi?"

"Nani mwingine yuko ndani?"

Inspekta alimwambia amepewa chai. Akainama kuzima taa ya mezani, na hapo ndipo alipoona duara juu ya mbao, alama ya kitako cha glasi, na ndani yake utando wa rangi, kijivu kilichochanganyika na buluu. Akapitisha kidole. Ulikuwa umekauka zamani. Akauliza hii ni nini.

"Dawa," alisema Bi Mkubwa.

Alisema haraka, kabla hajaambiwa kitu gani kinaulizwa wala kiko wapi. Inspekta aliliandika hilo, akaishusha picha.

Saa tatu mtoto wa kwanza wa nyumba ile alifika kituoni kutia sahihi maelezo yake. Nyumbani walimwita Baharia, na jina lilimkaa: miaka ishirini na mitatu ya meli, sasa mwalimu wa chuo cha mabaharia, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ni yeye aliyepiga simu polisi jana, kwa mkono wake mwenyewe. Kabla hajaketi alitazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi, akavuta kiti, akapanda, akausogeza mshale mbele dakika saba.

"Samahani, afande. Kitu kikienda kombo mbele yangu siwezi kutulia."

Konstebo alicheka. Saa ile ilikuwa imechelewa tangu yeye aajiriwe, na kituo kizima kilikuwa kinaitumia vilevile.

Maelezo ya Baharia yalikuwa manyoofu kama shati lake. Hakumtuma mlezi kwa fundi fremu. Hakujua kioo kilivunjika. Mama yake haoni, yeye anamtembelea kila Jumapili, siku ambayo mlezi huwa mapumzikoni, na hakuwa na sababu ya kuikagua picha. Mlezi alikuwa mtu mwema, alisema, lakini mwanadamu ni mwanadamu. Akasoma karatasi mara mbili, akarekebisha nukta moja, akatia sahihi.

Mlezi alikuwa amesema kinyume chake: Jumapili moja jioni, wiki tano nyuma, alirudi akakuta kioo kina ufa, na Baharia akamwambia aipeleke kesho yake. Neno la mwalimu dhidi ya neno la mlezi. Mkuu wa Kituo alikwisha pima, na mizani yake haikuchukua muda.

Basi Inspekta akamwendea fundi fremu, ambaye ndiye aliyekuwa shuku yake ya pili na, kusema kweli, ndiye ambaye angependa zaidi awe mwizi. Picha ililala kwake siku nne. Siku nne zinatosha kutoa moja na kutia nyingine. Alimkuta anapiga misumari midogo, mingine kaibana midomoni, akajibu maswali mawili ya kwanza bila kuitoa.

Fundi aligeuza fremu na kumwonyesha mgongo wake. Kila kazi iliyopita mikononi mwake huiandika kwa penseli kwenye mbao: nani kaleta, lini, imeharibika nini. Pale paliandikwa kwamba imeletwa na mlezi wa Bi Mkubwa, kioo kina ufa. Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, maneno mawili: karatasi mpya.

Inspekta akauliza karatasi mpya imewekwa na nani.

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Haikuwekwa. Ilikuja hivyo. Mimi huandika ninachokikuta, mtu asije kesho akasema fundi kaniharibia."

"Uliona ni bandia ukanyamaza?"

"Dada yangu, mtu akileta bandia apigiwe kioo, mimi hupiga kioo. Nusu ya mji ningekuwa nimeukosea adabu."

Kwa hiyo picha ilikuwa imebadilishwa kabla haijatoka nyumbani. Fundi akatoka kwenye orodha. Lakini mlezi hakutoka. Mkuu wa Kituo, aliposimuliwa kwa simu, alisema hilo linamkaza zaidi: nani anaishi na ile picha usiku na mchana? Saa ilikuwa tano na nusu.

Selo ya wanawake ilikuwa na benchi moja na dirisha dogo la jina tu. Mlezi alikaa wima, mkoba wake magotini ingawa ulikwisha pekuliwa mara mbili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake imekunjamana kwa maji. Hakulia. Alichouliza ni kama kuna mtu amemgeuza Bi Mkubwa, maana asipogeuzwa kufika adhuhuri mgongo humuuma.

Inspekta alimwambia afumbe macho. "Nisimulie picha. Vile unavyomsimulia."

Mlezi akafumba. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayesimama mahali fulani. Merikebu tatu, alisema, zinatoka dirishani zinakimbilia mlangoni. Upepo umezipiga mgongoni. Matanga yamejaa kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Ya kwanza imelala, ya pili inapanda wimbi, ya tatu bado haijui kinachoisubiri. Yule mtu wa kamba ameshikilia. Na juu kabisa, bendera tatu nyekundu.

Akakatiza hapo, akafumbua macho.

"Bendera zina nini?"

"Sijui niseme nini, afande. Nilikuwa nikimwambia siku zote, bendera zinatazama dirishani, kama zinamuaga mtu. Halafu asubuhi moja nafuta kioo, naona zinatazama mlangoni. Nikamwambia hivyohivyo, Bibi, leo bendera zimegeuka. Akanyamaza. Nikasema ni uchovu. Nani amewahi kuona picha inageuka?"

"Mbona hukuandikisha hili jana?"

"Jana niliulizwa nimeificha wapi. Sikuulizwa nimeona nini."

Inspekta alitoa tena picha ya mthamini, akaileta karibu na kioo cha miwani. Bendera zilikuwa ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Kwenye ya asili zilielekea dirishani. Kwenye bandia, mlangoni. Mthamini, bingwa wa karatasi, hakuziona. Yeye mwenyewe, na kalamu yake, alihesabu mabaharia akaziruka.

Lakini kujua tofauti siyo kujua maana yake. Mtu anayenakili hata doa, alikosea bendera tatu zote?

Saa sita wingu likaja. Inspekta aliishi nyuma ya kituo, na asubuhi aliacha mashuka ya watoto kwenye kamba. Kesi au si kesi, mashuka hayajianui yenyewe. Alikimbia. Upepo wa kabla ya mvua ulikuwa umeishika ile kamba, na kila kitu kilichokuwa juu yake, shuka, sare, soksi, kilikuwa kimevimba na kuelekea upande mmoja, kwenye uzio wa jirani. Akashika shuka, likampiga usoni. Akalikunja nusu, akasita, shuka mkononi.

Shuka kubwa lilivimba kuelekea uzio. Leso ndogo ya mtoto wake wa mwisho, iliyobanwa juu ya shuka hilohilo, nayo ilipepea kuelekea uzio. Isingeweza kwenda kwingine. Upepo ni mmoja.

Matanga yamevimba kuelekea mlangoni. Bendera za picha ya asili zilielekea dirishani.

Basi aliyekosea ni mchoraji wa kwanza, marehemu wa siku nyingi, mtu wa nchi kavu aliyedhani chombo kikienda mbele bendera hubaki nyuma. Aliyenakili hakukosea. Aliyenakili alisahihisha. Alivumilia kunakili mawimbi, sahihi ya mtu mwingine na doa lenye umbo la sikio, lakini bendera zinazopepea dhidi ya upepo zilimshinda.

Inspekta alibeba mashuka yote kwa mkumbo mmoja, yaliyokauka na yasiyokauka, akayatupa kitandani. Alimpigia konstebo akiwa bado anafunga mlango. Mwite mwalimu arudi, alisema. Mwambie kuna nukta nyingine kwenye maelezo yake.

Baharia alirudi saa saba na robo, mabega yamelowa. Alitazama saa ya ukutani kwanza, akaridhika nayo. Inspekta alimpa taulo, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamsukumia picha ya mthamini, ile ya asili. Alisema yeye ni mtu wa nchi kavu, na mahakamani atatakiwa kuieleza. Amfundishe kama anavyofundisha wanafunzi wake.

Mwalimu hukubali kufundisha hata nyumba ikiwaka. Baharia alivuta kiti. Alimwonyesha tezi na omo, nyuma na mbele ya chombo, akamwonyesha upepo unakuja kutokea tezi, tanga lipi limepunguzwa na kwa nini. Alisema yule mtu wa kamba ameshika kamba sahihi. Sauti yake ililainika.

"Kwa hiyo kila kitu kiko sawa," alisema Inspekta.

"Isipokuwa hizi bendera. Huyu mchoraji hakuwahi kupanda chombo. Nilirudi safari yangu ya kwanza nina miaka kumi na tisa, nikaziona, na tangu siku hiyo—"

Hakuimaliza. Inspekta alikuwa amekwisha ondoa kitambaa na kuiweka bandia kando ya picha ya mthamini. Konstebo, ambaye alikuwa anaandika, aliinua kalamu.

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Baharia alitazama bendera tatu zilizokuwa zikipepea vizuri kabisa, zikifuata upepo wao.

"Hata kama mtu mwingine aliona kosa hilo," alisema Inspekta, "ingebidi awe anakaa mbele ya picha Jumapili baada ya Jumapili, mlezi hayupo, glasi ya maji ya brashi juu ya meza ya mama yako. Imeacha duara. Anasema ni dawa."

"Msimwingize mama."

"Wewe ndiye uliyemwingiza. Iko wapi?"

Alijibu akitazama meza. Chuoni, kwenye droo ya ramani za bahari, ya chini kabisa. Haijachubuka popote. Kisha maneno yakamtoka moja moja. Baba yake aliinunua mnadani, akamnyanyua mabegani aione. Hiyo ndiyo iliyompeleka baharini. Halafu ipewe mtu wa kufuta vumbi? Alichora yake, akaitundika, akadhani mlezi atarithi ile, ataipenda vilevile, na hakuna atakayeumia. Kioo kilimponyoka akibadilisha, kikapata ufa. Hakujua kama mama angemwita mthamini.

"Na kwa fundi ukamtuma yeye ili jina lake liandikwe."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza aliinua macho, na Inspekta akamwamini, jambo ambalo halikumpendeza. "Nilimtuma kwa sababu ndiye anayetumwa. Siku zote."

"Jana ulipoulizwa?"

Baharia alilikunja taulo, kona kwa kona.

"Saa yetu uliisahihisha kabla hujaketi," alisema Inspekta. "Bendera ulizisahihisha. Maelezo yako, ukaona nukta imekaa vibaya. Mtu amelala selo kwa neno lako, umepita mbele ya mlango wake asubuhi, na umeondoka."

Alimwambia konstebo amsomee haki zake, kisha aende chuoni na hati ya upekuzi. Saa ya ukutani ilisema nane kasoro dakika kumi na tano, na safari hii ilikuwa inasema kweli. Mkuu wa Kituo alitia sahihi hati ya kumwachia mlezi bila kuinua kichwa.

Inspekta alimrudisha mlezi mwenyewe, kwa gari la kituo. Njiani mwanamke yule hakuuliza ni nani. Aliposikia droo ya ramani alifumba macho kidogo, basi. Aliuliza kama mvua ilimkuta Bi Mkubwa dirisha likiwa wazi.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Jirani alikuwa amekuja. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti kilekile, na Inspekta alisimama mbele yake akamweleza yote, kwa maneno machache, kwa sababu maneno mengi ni ya watu wasio na hakika. Mlezi alibaki mlangoni. Bi Mkubwa hakujua kama yupo.

"Mtamfunga?" aliuliza.

"Hilo ni la hakimu. Mimi nina swali langu moja. Ulijua?"

Mikono ya Bi Mkubwa ilitafuta ukingo wa meza, ikakuta lile duara, ikatulia juu yake.

"Jumapili saba nilisikia brashi inagonga glasi," alisema. "Nikafurahi. Nikasema mwanangu amekuja kukaa na mimi. Halafu huyu akaniambia bendera zimegeuka." Kidole chake kikalizunguka duara. "Yule ni mwanangu, Inspekta. Na huyu nilijua mtamwachia tu. Hana kosa."

Inspekta alikuwa na jibu, na lilikuwa kali. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Watoto wake watatu walilijua kwa moyo. Lakini alisikia ubao wa sakafu ukilia nyuma yake, na Bi Mkubwa naye akausikia. Uso wa mwanamke mzee ukageukia mlangoni, ukungu wa macho ukitafuta kivuli.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

Mlezi aliingia. Aliweka mkoba chini, akamshika mabega, akamwinamisha mbele taratibu, akamgeuzia mto, akamwegemeza vizuri, kama kila adhuhuri kwa miaka kumi na moja. Alifanya kazi yote bila haraka. Akamfunika miguu. Alipomaliza, Bi Mkubwa alimshika kiganja, akakishikilia.

"Nisimulie picha," alisema.

Mlezi aliinua kichwa akatazama. Picha zote mbili zilikuwa vielelezo sasa. Moja mezani kwa Inspekta, nyingine njiani kutoka chuoni.

"Ukuta ni mtupu, Bibi," alisema. "Kuna msumari."

Akajinasua kiganja, kidole kwa kidole. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda chumba cha nyuma kukusanya nguo zake zilizobaki.